Kete zilizo njiani: kufundisha kisukari kwa gemu

Mwaka 1995 kampuni ya Raya Systems ya California ilitoa kaseti ya gemu ya Super Nintendo iitwayo Packy & Marlon. Tembo wawili vijana wamekwenda kwenye kambi ya watoto wenye kisukari, wakakuta panya wamevuruga kila kitu: vyakula na vifaa vya matibabu vimetawanywa huku na huko. Mchezaji anakimbia, anaruka na kupambana na panya kama katika gemu yoyote ya zama zile. Tofauti ni kwamba tembo wake ana kisukari cha aina ya kwanza, kwa hiyo lazima apime sukari, achague dozi ya insulini na ale kwa kiasi. Sukari ikitoka nje ya mipaka, tembo hawezi kuendelea na safari.

Gemu hiyo ilijaribiwa kwa utaratibu wa kitabibu, na matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Watoto 59 wa miaka 8 hadi 16 kutoka kliniki mbili waligawanywa kwa bahati nasibu. 31 walipewa Packy & Marlon waende nayo nyumbani, na 28 wakapewa gemu ya kujifurahisha tu, isiyo na neno lolote la kisukari. Baada ya miezi 6 wale wa kundi la kwanza walikuwa wakijihudumia vizuri zaidi, wakiwazungumzia wazazi wao habari za kisukari mara nyingi zaidi, na safari zao za dharura kwa daktari zilikuwa zimepungua kwa asilimia 77, ingawa kwa kundi dogo kiasi hicho hesabu hii ya mwisho ichukuliwe kwa tahadhari.

Sehemu ya utafiti huo inayorukwa na watu wengi ndiyo yenye faida kubwa kwa anayetaka kutengeneza gemu ya namna hii leo. Watoto walipoulizwa maswali ya ujuzi kuhusu kisukari, makundi mawili hayakutofautiana. HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, nayo haikutofautiana. Kwa maneno mengine, tembo hawakuongeza maarifa ya darasani. Watoto walikuwa wanajua tangu mwanzo kwamba soda inapandisha na insulini inashusha, maana kila muuguzi alishawaambia. Kilichoongezeka ni mazoezi ya kuamua, na mdomo wa kusemea. Mtoto aliyemuua tembo wake mara kumi kwa kusahau kula ana la kumwambia mama.

Kwa hiyo atakayeanza kazi hii kwa kuandika maswali ya chemshabongo, "Insulini hutengenezwa na kiungo gani?", ukijibu kongosho unapata nyota tatu, ajue kwamba anaongeza kitu ambacho hakikupungua. Maswali ni rahisi kuyaandika, ndiyo maana programu nyingi za afya zimejaa maswali.

Kabla ya tembo, kampuni hiyohiyo ilikuwa imetoa Captain Novolin, mwaka 1992, kwa ufadhili wa watengenezaji wa insulini, Novo Nordisk. Shujaa mwenye kisukari anapambana na wageni kutoka anga za mbali wenye sura za vyakula vitamu. Nia ilikuwa njema, lakini gemu inayofanya peremende kuwa adui inaharibu somo moja kubwa: siku sukari ya damu ya mtoto imeshuka mno, hadi milimoli 3 kwa lita, peremende ndiyo dawa. Mtoto aliyezoezwa kukwepa kila kitamu atasita pale pasipotakiwa kusita. Tena anajifunza kukiona chakula kama dhambi, na mtoto anayeona dhambi hula kwa kujificha. Anayekula kwa kujificha hachomi insulini kwa kile alichokila, kwa sababu kuchoma ni kujitangaza. Katika gemu nzuri chakula hakina uadui; kina uzito na kina muda.

Muda ndio kiini cha jambo lote. Bango la ukutani linaweza kuonyesha sahani, vipimo, na namna ya kushika sindano, ila haliwezi kuonyesha kwamba insulini uliyochoma saa saba bado inafanya kazi saa kumi. Makosa mengi ya kila siku ya mtu anayejitibu kisukari huzaliwa ndani ya pengo hilo kati ya kutenda na kuona matokeo. Gemu inaweza kuyakunja masaa sita yakawa dakika mbili, mtoto akakosea, akaona, akarudia, mara ishirini kabla ya chakula cha jioni, na hakuna aliyelazwa.

Ufundi wa ndani wa gemu ya namna hii ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Hauhitaji hata kompyuta. Ubao wa bao la kawaida, wenye mashimo 32 na kete 64, unatosha, na ni vizuri mtengeneza programu aanze hapo kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo, kwa sababu kisichoeleweka kwenye bao hakitaeleweka kwenye simu. Sheria za namu na mtaji ziwekwe kando. Tunachotaka ni mashimo tu.

Upande mmoja wa bao, mashimo 16, ni njia ya chakula. Upande wa pili, mashimo 16, ni njia ya insulini. Kila shimo ni nusu saa, hivyo bao zima ni masaa 8. Chukua karatasi ndefu, andika namba kuanzia 0 hadi 20, weka kizibo cha soda juu ya namba 6. Hiyo ndiyo sukari ya mhusika kabla ya kula, kwa milimoli kwa lita. Mwenye mashine inayosoma kwa miligramu azidishe kwa 18: 6 ni 108. Punje moja ya haragwe ikiwa shimoni inapandisha kizibo kwa 1, na kete moja inakishusha kwa 1.

Sasa mhusika. Tumpe jina la kubuni, Zuhura, mwenye kilo 30, anayetumia uniti 25 za insulini kwa siku. Kwa makadirio ya kuanzia yanayotumika kliniki, 500 ukigawa kwa 25 unapata 20, yaani uniti moja inabeba gramu 20 za wanga. Na 100 ukigawa kwa 25 unapata 4, yaani uniti moja inashusha sukari kwa milimoli 4. Ukiziunganisha hesabu hizo mbili, gramu 5 za wanga zinapandisha sukari ya Zuhura kwa 1. Basi punje moja ya haragwe ni gramu 5 za wanga, na uniti moja ya insulini ni kete 4.

Zuhura anakula ugali wenye wanga gramu 40 saa saba mchana. Hizo ni punje 8. Ugali wa kawaida tuuchukulie unayeyuka kwa masaa mawili: punje mbilimbili katika mashimo manne ya kwanza. Anachoma uniti 2 za insulini ya kawaida ya kufanya kazi haraka, ile iliyo angavu kama maji, mfano Actrapid, wakati uleule anapoanza kula. Hizo ni kete 8. Insulini hii haianzi papo hapo. Inachukua nusu saa hadi saa moja kuanza, inafikia kilele kati ya masaa 2 na 4, na inaisha kati ya 5 na 8. Kwa bao letu tunaiweka kwa urahisi: mashimo mawili ya kwanza matupu, kisha kete moja moja kuanzia shimo la tatu hadi la kumi.

Songa shimo kwa shimo. Saa saba na nusu kizibo kiko 8. Saa nane, 10. Saa nane na nusu insulini imeanza, kinapanda kwa 1 tu, 11. Saa tisa, 12. Chakula kimekwisha njiani, kete bado sita. Saa tisa na nusu, 11. Saa kumi, 10. Na hivyo hadi saa kumi na mbili jioni, 6, palepale kilipoanzia. Dozi ilikuwa sahihi toka mwanzo.

Mtoto acheze mara ya pili, lakini safari hii saa tisa mwambie: "Mashine imesoma 12. Unafanya nini?" Mtoto aliyefundishwa kwamba namba kubwa ni mbaya atachoma tena uniti 2. Mpe kete 8 nyingine, azipange mwenyewe: mashimo mawili matupu kuanzia pale alipo, kisha moja moja kutoka shimo la saba hadi la kumi na nne. Asipozipanga kwa mkono wake hataelewa. Songa. Saa kumi kizibo kiko 10, kama mwanzo, naye anaweza kudhani dozi ya pili haikufanya chochote. Saa kumi na nusu, 8. Saa kumi na moja, 6, na hapo anafurahi. Saa kumi na moja na nusu, 4. Saa kumi na mbili, wakati watoto wenzake wako uwanjani, kizibo kiko kwenye 2, na kete nne bado zimo kwenye mashimo zikisubiri.

Hizo kete nne ndizo somo. Mwalimu asiseme kitu; aziache zionekane. Kwenye simu hali ni hiyohiyo: gemu inayoonyesha namba ya sukari pekee inafundisha nusu, na nusu inayokosekana ndiyo inayomuangusha mtoto. Lazima kiwepo kijito, foleni, mstari wa magari, chochote kile, kinachoonyesha insulini iliyo njiani bado. Na chakula vilevile.

Mara ya tatu arudie, sasa insulini ichomwe saa sita na nusu, nusu saa kabla ya kula. Kete zinaanza shimo la pili badala ya la tatu, na kilele kinakuwa 11 badala ya 12. Tofauti ni ndogo, na ni vizuri aione kuwa ni ndogo. Gemu nyingi zina tabia ya kutia chumvi ili mchezaji apongezwe, kisha mtoto anajaribu katika maisha, haoni maajabu, anaacha.

Kushuka kwa sukari kunahitaji hatua yake ndani ya gemu, tena yenye haraka. Chini ya 4 mhusika aanze kutetemeka, kutoka jasho, picha iwe na ukungu, vitufe vichelewe kidogo kuitikia, kwa sababu hivyo ndivyo mwili unavyofanya. Tiba ni sukari inayoyeyuka upesi, gramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili. Kwa Zuhura ni gramu 9: vijiko viwili vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au robo ya chupa ya soda ya mililita 350, ile yenye sukari na si ile ya bila sukari. Hizo ni karibu punje 2, zinaingia mara moja. Baada ya dakika 15 apime tena, na kama bado iko chini arudie. Chokoleti isifanye kazi kwenye gemu yako: mafuta yake yanachelewesha sukari, na mtoto aone inavyochelewa. Halafu arudi kwenye bao. Ametoka 2 akafika 4, lakini kete nne zipo, na bila chakula cha kushikilia atashuka tena. Slesi ya mkate ina wanga kama gramu 15, yaani punje 3. Slesi moja haitoshi, mbili zinamfikisha mahali salama. Mhusika akizimia, kitufe cha "mpe soda" kizimwe kabisa. Aliyepoteza fahamu hawekewi kitu mdomoni. Analazwa ubavu na kupelekwa hospitali, au anachomwa glukagoni, dawa ya kupandisha sukari upesi, pale ilipo.

Kuna uongo mmoja ambao bao hili linaubeba kimyakimya, na usipoufichua unaweza kumuua mtu. Mchezo wetu umechukulia kwamba insulini ya chini, ile ya kufanya kazi polepole usiku na mchana, ipo na inatosha. Mtoto atajumlisha haraka: hakuna chakula, hakuna kete. Ndivyo wanavyofanya watu wakiugua malaria, wakitapika, wakakosa hamu ya kula, wakaacha sindano zote, kisha wanafikishwa hospitali wakipumua kwa nguvu, tumbo linauma, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno. Dawa yake kwenye bao ni jiwe moja kubwa linalowekwa pembeni. Jiwe likiwepo, cheza kama kawaida. Likiondolewa, punje moja inaingia katika kila shimo hata kama mhusika hajala kitu. Na siku ya homa ziingie punje za ziada pamoja na kwamba jiwe lipo. Mzunguko mmoja wa "siku ya homa" unafaa kuchezwa mapema, wiki ya kwanza, usingoje mtoto azoee.

Michezo ya viungo ni kinyume cha homa. Mpira nusu saa: ongeza kete moja, na nyingine katika shimo linalofuata, kwa sababu misuli inaendelea kuvuta sukari baada ya kipenga. Chupa ya insulini iliyosahauliwa dirishani juani: ondoa nusu ya kete zote zitakazopangwa kuanzia hapo, bila kumwambia mchezaji. Acha aone namba zinakataa kushuka, ajiulize. Aliyeweka chupa kwenye mtungi wenye maji, au mtungi mdogo ndani ya mkubwa na mchanga mbichi katikati, anabaki na kete zake zote. Na aliyeiweka kwenye friza ikaganda hana kete hata moja. Ikiyeyuka inaonekana nzima, lakini haifai.

Wenzetu walioanza na gemu za Marekani na Ulaya hugonga mwamba hapa: gemu hizo zinadhani mtoto ana pampu ya insulini, au sindano ya kila mlo pamoja na kifaa cha kusoma sukari kilichobandikwa mkononi. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wanachoma insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, asilimia 30 ya haraka na asilimia 70 ya polepole. Kwenye bao maana yake ni kwamba kete zimepangwa tangu asubuhi, kabla hujajua mchana utakula nini. Chakula ndicho kinachofuata kete. Kwenye mpango wa sindano ya kila mlo ni kinyume, kete zinafuata chakula. Gemu inayomfundisha mtoto wa mchanganyiko kuongeza uniti kila akila inampa somo la mtu mwingine. Kwa huyu ongeza muda, kila shimo liwe saa nzima. Changamoto yake iwe kutoruka kitafunwa cha saa nne, na kutochelewa chakula cha mchana eti kwa sababu mwalimu amezidisha kipindi.

Na ugali una gramu ngapi? Watu hutafuta jedwali, jedwali linatoa namba, na namba haiendani na ugali wao, kwa sababu ugali wa Mwanza na wa Nairobi hauna maji sawa. Njia ya uhakika ni kupima unga mkavu. Unga wa mahindi una wanga karibu gramu 75 kwa kila gramu 100. Songa ugali kwa gramu 400 za unga: umetia wanga gramu 300. Pima ugali wote ukiiva. Ukiwa gramu 1200, basi kila gramu 100 za ugali zina wanga gramu 25, na kipande cha gramu 160 ndicho kile cha gramu 40 alichokula Zuhura. Kazi hii ifanywe na mtoto jikoni, mara moja, kwa mizani ya kuazima kama hakuna. Akishakijua kipande chake kwa ngumi ya mkono wake hahitaji mizani tena. Wali uliopikwa uko kama gramu 28 kwa 100. Vyakula vitano au sita vya nyumba hiyo vinatosha kwenye gemu. Orodha ya vyakula 200 ni mapambo.

Upande wa zawadi kuna historia nzuri ya kujifunza. Paul Wessel, Mmarekani ambaye mwanawe alikuwa na kisukari, aliona kijana anapoteza mashine ya kupimia sukari kila mara lakini Game Boy yake, kifaa cha gemu cha mkononi, haipotei kamwe. Akatengeneza GlucoBoy, mashine ya kupimia inayochomekwa kwenye Game Boy, iliyoanza kuuzwa Australia mwaka 2007. Baadaye kampuni ya dawa ya Bayer ikaja na Didget kwa ajili ya Nintendo DS. Ukipima, unapata pointi. Pointi zinafungua gemu. Zote mbili haziuzwi tena, lakini wazo limebaki. Kabla yake, miaka ya mwanzo ya 2000, lilikuwa limekuja jingine ambalo naliona bora: DiaBetNet, jaribio lililochapishwa mwaka 2004 likiwa na vijana 40 kwa wiki 4. Hapo mchezaji anabashiri sukari yake kabla ya kupima, na ushindi ni kukaribia ukweli. Waliocheza walituma vipimo vingi zaidi na walikuwa na namba za juu sana, zaidi ya 13.9, mara chache zaidi.

Ubora wake ni huu. Ukizawadia namba nzuri, unamzawadia mwongo: mtoto atapima damu ya kaka yake, atadondosha maji, ataandika 6.2 kwenye daftari kila asubuhi kwa kalamu ileile na mwandiko uleule. Ukizawadia kupima tu, umeepuka uongo huo, lakini atapima mara tano kabla ya saa nne asubuhi na kumaliza stripu, vile vipande vya kupimia damu, za wiki nzima. Ubashiri hauna mlango wa kudanganya kirahisi, na unamlazimisha kufikiri juu ya kete zilizo njiani kabla ya kuchoma kidole. Tena unafaa pale stripu ni moja kwa siku: abashiri mara nne, apime mara moja, kwa saa inayochaguliwa na gemu, leo asubuhi, kesho kabla ya kulala. Stripu saba za wiki zinatoa picha ya siku nzima.

Namba ikiwa juu, gemu isipige kengele nyekundu wala kuweka uso wa huzuni. Iseme "12. Kete sita ziko njiani. Unaamuaje?" Lugha nayo iangaliwe. "Sukari imepanda" ni sawa; "umepandisha sukari" ni lawama, na kijana wa miaka 14 anaisikia hivyo hata kama aliyeandika hakukusudia. Maandishi yawe Kiswahili cha nyumbani, pamoja na sauti kwa asiyesoma haraka. Simu yenyewe mara nyingi ni ya baba na inapatikana jioni, kwa hiyo gemu ifanye kazi bila bando, iwe nyepesi, mzunguko mmoja uishe ndani ya dakika tano, na ihifadhi ilipofikia hata simu ikizimika ghafla. Matangazo yasiwemo kabisa. Hakuna aibu kubwa kama tangazo la soda katikati ya somo la kisukari.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. La kwanza, gemu isikokotoe dozi ya mtoto halisi. Zuhura ana uniti zake, mchezaji ana zake kutoka kliniki, na skrini ya kwanza iseme hivyo kwa herufi kubwa. Ukiruhusu mtoto aingize uzito wake na sukari yake, gemu ikampa uniti, umetoka kwenye kuchezea na kuingia kwenye kifaa cha tiba, na kosa moja la desimali ni uniti 20 badala ya 2. La pili, ongeza bahati nasibu. Bao letu ni tiifu kupita kiasi. Mwili si mtiifu. Kila baada ya mashimo matatu rusha dadu: ikitua 1 ondoa punje, ikitua 6 ongeza. Bila hilo mtoto anajifunza kwamba akifanya sawa atapata 6 daima, na siku atakayopata 13 bila kosa lolote atadhani ameshindwa yeye.

Kliniki nyingi zina siku moja ya watoto kwa mwezi, na foleni ndefu kabla ya kumwona daktari. Bao moja chini ya mwembe linatosha watoto wanne: mmoja anapanga punje, mmoja anapanga kete, mmoja anasogeza kizibo, wa nne ni Zuhura na anaamua. Wabadilishane kila mzunguko. Kisha mwite mzazi akae kwenye nafasi ya Zuhura, mtoto wake ashike kete. Mfikishe saa tisa, kizibo kiko 12, umuulize atafanya nini, na umwachie mtoto kazi ya kumwonyesha yaliyomo kwenye mashimo.